Freddie Mercury: Mtoto wa Zanzibar Aliyesema Siku Moja Kabla ya Kufa



Fainali kubwa ya mpira inapomalizika na nahodha akainua kombe, mara nyingi uwanjani hupigwa wimbo uleule, "We Are the Champions". Ulitoka mwaka 1977, na mtu aliyeutunga na kuuimba alizaliwa Zanzibar. Wengi wetu tunaujua wimbo, wachache tunamjua mtu. Makala hii inaeleza maisha yake, na mwishoni itagusa jambo linalotuhusu sana sisi tunaoishi Matamba na mkoa mzima wa Njombe: namna tunavyokaa na ndugu zetu wenye virusi vya UKIMWI.

Kutoka Mji Mkongwe hadi London

Farrokh Bulsara alizaliwa Septemba 5, 1946, katika Mji Mkongwe, Unguja. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroasta, dini ya kale iliyoanzia Uajemi. Farrokh alilelewa katika dini hiyo, na wazazi wake waliishika mpaka mwisho.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya Mtakatifu Petro, huko Panchgani, India. Mseminari aliyeondoka nyumbani akiwa mdogo anaweza kukisia usiku wa kwanza wa mtoto huyo, aliyetenganishwa na wazazi wake na bahari nzima. Shuleni alijifunza piano, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakaunda bendi yao ndogo, The Hectics. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie.

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalipotokea, familia yake, kama familia nyingi za Kihindi na Kiarabu, iliondoka. Walifikia Feltham, karibu na London. Freddie alikuwa na miaka 17.

Hakuanza maisha ya Uingereza kama tajiri. Alisoma sanaa ya uchoraji na usanifu wa picha katika chuo cha Ealing, akahitimu mwaka 1969. Alifanya kazi ya kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Heathrow, na akauza mitumba katika soko la Kensington. Mwaka 1970 aliungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka uliofuata akaja John Deacon, mpiga gitaa la besi. Freddie aliipa bendi jina la Queen, yaani Malkia, akaichorea nembo yake mwenyewe, na yeye akajiita Mercury.

Kipaji kilichofanyiwa kazi

Muziki wa roki ni muziki wa magitaa ya umeme, ngoma nzito na sauti kubwa. Mercury aliuongezea mambo ya kwaya na opera. Mfano mzuri ni "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975. Una urefu wa karibu dakika 6, wakati nyimbo za redio za siku zile zilikuwa za dakika 3 hivi, na wengi walidhani hautapigwa. Ulikaa namba moja Uingereza kwa majuma 9. Sehemu yake ya katikati inasikika kama kwaya kubwa, kumbe ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti zao mara nyingi na kuzipanga moja juu ya nyingine. Ndani yake mna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Zanzibar hulisikia watu wakilitaja kabla ya kula.

Wanakwaya wetu wanaweza kujifunza kitu hapo. Sauti yake ilikuwa zawadi, lakini wimbo ule ulitokana na siku nyingi za kurudia mazoezi. Bwana wetu katika mfano wa talanta hamsifu mtumishi kwa sababu ya kupokea. Anamsifu kwa sababu ya kufanyia kazi alichopokea.

Julai 13, 1985, katika uwanja wa Wembley, London, lilifanyika tamasha la Live Aid la kuchangia wahanga wa njaa nchini Ethiopia. Queen walipewa dakika 20 hivi mbele ya watu wapatao 72,000. Kuna wakati Mercury aliacha kuimba nyimbo, akawa anatoa sauti peke yake na uwanja mzima unamwitikia, kama anavyofanya kiongozi wa kwaya na waamini wakati wa zaburi ya wimbo wa katikati. Wengi wanazihesabu dakika zile kuwa kati ya maonyesho bora kabisa ya muziki wa roki.

Ugonjwa na ukimya

Hatufichi upande mwingine wa maisha yake. Aliishi na mwanamke, Mary Austin, bila ndoa, na baadaye alikuwa na mahusiano na wanaume. Alipenda pia sherehe na anasa. Mafundisho ya Kanisa kuhusu mambo hayo yanajulikana. Lakini Kanisa hilohilo linatufundisha kwamba kila mtu apokewe kwa heshima na huruma, na kwamba hukumu ya moyo wa mtu ni ya Mungu.

Mwaka 1987 Mercury alijua kwamba ana VVU. Miaka ile ugonjwa huu ulikuwa kama ukoma wa zamani: watu waliogopa hata kumshika mgonjwa mkono. Mama Teresa wa Calcutta alikuwa amefungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa UKIMWI jijini New York usiku wa kuamkia Noeli ya 1985. Mwaka huohuo wa 1987, Papa Yohane Paulo II alimkumbatia mtoto mwenye UKIMWI mbele ya watu huko San Francisco. Matendo hayo yalishangaza ulimwengu kwa sababu wengi hawakuthubutu kuyafanya.

Mercury aliwaambia watu wachache wa karibu. Waandishi wa magazeti walimvizia nje ya nyumba yake, naye akakonda mbele ya macho yao bila kusema. Aliendelea kurekodi hata aliposhindwa kusimama kwa muda mrefu. Novemba 23, 1991 alitoa tamko kwamba ana UKIMWI, akaomba watu waungane naye kupambana na ugonjwa huo. Kesho yake akafa, akiwa na miaka 45. Ilikuwa Jumapili, Sherehe ya Kristo Mfalme. Makuhani wa dini ya Zoroasta waliongoza mazishi yake.

Hapa Afrika Mashariki alikuwepo mwanamuziki aliyefanya tofauti. Philly Lutaaya wa Uganda, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani mwaka 1989 akatangaza wazi kwamba ana UKIMWI. Baadhi ya watu hawakumwamini, wakasema anatafuta umaarufu. Alitumia miezi yake ya mwisho kuzunguka mashuleni na makanisani akiwaeleza vijana ukweli. Alifariki Desemba 15, 1989, akiwa na miaka 38.

Si haki kumlaumu Mercury kwa kumlinganisha na Lutaaya. Mgonjwa ana haki ya siri yake, na mseminari anayejiandaa kuilinda siri ya maungamo anapaswa kulielewa hilo kuliko wengine. Swali linatuelekea sisi: kwa nini mtu mwenye sauti iliyosikika dunia nzima aliona ni hatari kusema sentensi moja?

Swali hili ni letu

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Njombe watu wazima 12.7 kati ya kila 100 wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania Bara. Wastani wa taifa ni 4.4. Wilaya yetu ya Makete inawajua vizuri yatima wa ugonjwa huu na mabibi waliolea wajukuu baada ya kuwazika watoto wao.

Mercury alikufa kabla ya dawa nzuri kupatikana. Mchanganyiko wa dawa unaofubaza virusi ulianza kutumika mwaka 1996, na Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004. Leo anayepima mapema na kumeza dawa kila siku anaweza kuishi hadi uzee. Virusi vyake vikishafubazwa hata visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Kwa hiyo anayekufa leo kwa UKIMWI, mara nyingi hakukosa dawa. Aliogopa kuonekana kliniki, au aliacha dawa ili mwenzi wake asizione.

Hofu hiyo hutengenezwa na sisi: kwa minong'ono kwenye jumuiya ndogondogo, kwa mzaha wa bwenini, kwa mahubiri yanayomtaja mgonjwa kama mfano wa dhambi. Inaweza pia kuondolewa na sisi. Yesu alimgusa mwenye ukoma kwanza, ndipo akamtuma kwa kuhani.

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Ukifika, tumwombee mtoto huyu wa Zanzibar pamoja na marehemu wetu waliokufa bila kusema. Kisha kila mmoja ajiulize: jirani yangu akipata majibu yake kesho, je, mimi ni mtu anayeweza kumwambia?