Picha ya Ubongo na Ubashiri wa Uhai baada ya Kiharusi cha Kuvuja Damu

Wazungumzaji wengi hulitumia neno kiharusi kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kitabibu, ziko aina mbili kuu: mshipa wa ubongo kuziba na mshipa kupasuka. Makala haya yanahusu aina ya pili, ambayo aghalabu husababishwa na shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa. Mdomo uliopinda na mkono uliolegea havitoshi kuzitofautisha. Kinachotofautisha ni picha ya CT, ambamo damu iliyovuja huonekana nyeupe mara moja, ilhali sehemu iliyokosa damu yaweza kuonekana ya kawaida kwa saa kadhaa za mwanzo.

Picha hiyo hutumiwa pia kubashiri uhai. Mwaka 2001, Hemphill na wenzake walichapisha mizani ya alama 0 hadi 6 kutokana na wagonjwa 152 wa San Francisco, Marekani. Mambo matatu husomwa pichani, kila moja likiwa na alama 1: bonge la damu la mililita 30 au zaidi, damu kupenya ventrikali, yaani vyumba vya maji ya ubongo, na uvujaji kuanzia sehemu ya chini ya ubongo. Umri wa miaka 80 au zaidi huongeza alama 1, na kupungua kwa fahamu huongeza 1 au 2.

Ujazo wenyewe hukadiriwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukulia mgonjwa wa Kitengela mwenye umri wa miaka 62, aliyepungukiwa na fahamu kiasi, na bonge lenye urefu wa sentimita 5, upana wa 4 na kimo cha 4, katika sehemu ya juu ya ubongo. Vipimo vikizidishwa na kugawanywa kwa 2, jibu ni mililita 40. Ana alama 2. Miongoni mwa wagonjwa wa San Francisco wenye alama hizo, asilimia 26 walifariki katika siku 30. Damu hiyohiyo ikipenya ventrikali, alama huwa 3, na kiwango cha vifo katika kundi lile kilikuwa asilimia 72.

Hata hivyo, picha husimulia saa iliyopigwa tu. Bonge huweza kuendelea kukua, hasa katika saa za kwanza. Kutoka Kitengela hadi Nairobi ni takriban kilomita 30. Kutoka mji wa Kajiado ni takriban 80 kwa barabara ya Namanga. Picha ya saa ya pili na ya saa ya kumi za mgonjwa mmoja zaweza kutoa alama tofauti.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na pengine ndipo penye hatari kubwa zaidi. Daktari akiwaambia jamaa kwamba picha "imetabiri" kifo, neno hilo huvuta maana ya mtabiri anayejua litakalotokea. Jamaa huweza kukata tamaa na kumrudisha mgonjwa nyumbani, naye akifa, utabiri huonekana umetimia. Hofu hii si ya Kajiado pekee: mwaka huohuo wa 2001, Becker na wenzake walionyesha kwamba uamuzi wa kupunguza matibabu wenyewe uliathiri vikubwa takwimu za vifo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri maamuzi mapya ya namna hiyo yaahirishwe angalau hadi siku ya pili kamili hospitalini.

Yamkini neno "makadirio" lingefaa zaidi, kwa kuwa linabeba ndani yake uwezekano wa kukosea. Jamaa wa mgonjwa yule wa alama 2 wangeambiwa hivi: kati ya wagonjwa 100 wa namna hii katika utafiti ule, takriban 74 walikuwa hai baada ya siku 30.