Usitishike na king'ora cha ambulensi, uliza aliye ndani

Na MWANDISHI WETU

AJALI inapotokea katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, wapita njia ndio huwa wa kwanza kufika. Majeruhi huinuliwa kwa mikono na miguu, wakapakiwa kwenye matatu au pikapu iliyo karibu na kukimbizwa hospitalini.

Ikiwa ni siku ya bahati, ambulensi huwasili ikilia king'ora. Kila mtu hushusha pumzi akiamini kwamba majeruhi sasa wako katika mikono salama.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. King'ora, taa za rangi na maandishi ya kinyume kwenye boneti havimwelezi yeyote iwapo mtu aliyeketi nyuma na mgonjwa anaweza kumfungulia njia ya hewa, kumzuia asivuje damu au kuushtua moyo uliosimama.

Hilo ndilo suala kuu katika huduma za dharura. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita hivi. Hakuna gari, hata liwe na kasi kiasi gani, linaloweza kutegemewa kumfikisha mgonjwa wa aina hiyo hospitalini kwa muda huo. Anayeweza kumwokoa ni mtu aliyefunzwa, wala si magurudumu.

Magari ya maiti

Ulimwengu ulichelewa kulitambua jambo hili. Nchini Marekani, ripoti ya Chuo cha Kitaifa cha Sayansi iliyotolewa mwaka 1966 ilifichua kwamba takriban nusu ya huduma za ambulensi nchini humo zilikuwa zikitolewa na wafanyabiashara wa mazishi. Sababu ilikuwa nyepesi: magari yao yalikuwa na nafasi ya kumlaza mtu.

Mwaka uliofuata, katika mji wa Pittsburgh, kulianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Dkt Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu ya kumfufua mtu kwa kumpulizia hewa mdomoni na kumshinikiza kifua, aliandaa mafunzo ya wakazi Weusi wa mtaa wa Hill, wengi wao wakiwa hawana ajira. Hao wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo kutoa matibabu ya kina ndani ya ambulensi.

Dkt Nancy Caroline, aliyewasimamia katikati ya miaka ya 1970, aliandika kitabu cha kufunzia wahudumu wa ngazi ya juu. Katika miaka ya 1980 alifika Nairobi na kufanya kazi na shirika la AMREF, ambalo lilianza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege.

Wahudumu wa Freedom House hawakuwa madaktari. Walichokuwa nacho ni mafunzo yaliyopimwa, mipaka ya kazi inayojulikana na daktari wa kuwasimamia. Mambo hayo matatu ndiyo nguzo za mfumo wowote wa leseni za wahudumu wa dharura.

Ngazi nne

Marekani hatimaye iliwagawa wahudumu hao katika ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni ya mtu anayefika mbele ya wengine, mathalan polisi au mzimamoto. Kwa mafunzo ya saa 50 hivi, yeye huzuia damu isivuje, hufungua njia ya hewa, hushinikiza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo inayojiendesha yenyewe.

Ngazi ya pili ni ya mhudumu wa msingi wa ambulensi, ambaye hufunzwa kwa saa 150 hadi 190 hivi. Huyu humpa mgonjwa oksijeni, huitengemeza mifupa iliyovunjika, humsaidia mama kujifungua na kutoa dawa chache zilizoorodheshwa.

Ngazi ya tatu ni ya mhudumu wa kati. Pamoja na majukumu hayo, anaruhusiwa kumtundikia mgonjwa dripu na kutoa dawa zaidi.

Ngazi ya juu ni ya paramediki. Mafunzo yake hupita saa 1,000 na huchukua mwaka mmoja au zaidi, sehemu yake ikifanyika hospitalini na ndani ya ambulensi. Yeye husoma mchoro wa mapigo ya moyo, huingiza mrija wa kupumulia kooni, hutoa kwa sindano hewa inayolibana pafu, na kutumia aina nyingi za dawa.

Mgawanyo huu hauna nia ya kumdunisha yeyote. Mhudumu wa msingi anayejua mipaka yake ni bora kuliko mtu asiye na mafunzo anayejaribu kila kitu. Aidha, mgonjwa aliyevunjika mguu hahitaji paramediki, ilhali aliyepigwa na mshtuko wa moyo anamhitaji sana. Ngazi humsaidia anayepokea simu kutuma mtu anayefaa.

Cheti si leseni

Kuna maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Cheti huthibitisha kuwa mtu alisoma na kupita mtihani. Leseni ni ruhusa ya serikali ya kufanya kazi hiyo, na anayeitoa anaweza kuitwaa mhudumu akikiuka masharti.

Nchini Marekani, Sajili ya Kitaifa iliyoanzishwa mwaka 1970 hutahini na kutoa vyeti ambavyo sharti vifanywe upya kila baada ya miaka miwili. Leseni nazo hutolewa na kila jimbo. Kwa hivyo, mtu anaweza kuwa na cheti kizuri ukutani na bado asiwe na ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Si kila nchi iliyofuata njia hiyo. Ufaransa huwatuma madaktari hadi mahali pa tukio kupitia mfumo wake wa SAMU. Rwanda ilianzisha huduma yenye jina hilo hilo mwaka 2007, ikiwa na nambari ya simu 912, na imewategemea zaidi wauguzi pamoja na wataalamu wa kutoa dawa ya usingizi.

Afrika Kusini nayo huwasajili wahudumu wake kupitia baraza la kitaifa la taaluma za afya. Nchi hiyo iliziondoa hatua kwa hatua kozi fupi na kuweka mahali pake masomo ya vyuo, hadi kiwango cha shahada.

Sheria ya Kenya

Hapa nchini, Katiba ya 2010 inatamka katika kifungu cha 43 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la huduma za ambulensi.

Sheria ya Afya ya 2017 ilikwenda mbali zaidi. Inaeleza kuwa matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa na kupanga rufaa yake. Taasisi ya matibabu yenye uwezo wa kutoa huduma hiyo ikikataa, inaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni.

Fauka ya hayo, serikali ilitoa sera ya huduma za matibabu ya dharura ya 2020 hadi 2030, nayo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ikabuni hazina ya kugharimia dharura na magonjwa sugu na mahututi.

Pengo limekuwa upande wa watu. Muuguzi ana baraza lake la kisheria, afisa wa kliniki ana lake, na daktari vilevile. Lakini kwa miaka mingi mhudumu wa ambulensi alifanya kazi akitegemea cheti cha chuo alichosomea na kanuni za mwajiri wake, bila sheria mahsusi ya taaluma yake.

Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika Oktoba 2015. Mwanamume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi jijini Nairobi, na baadaye akafariki. Kwa muda wote huo, chumba chake cha wagonjwa mahututi kilikuwa gari.

Hesabu ya zamu

Kununua ambulensi ni rahisi kuliko kuiendesha. Gari hukabidhiwa kwa sherehe, utepe ukakatwa na picha zikapigwa. Wanaopaswa kuketi ndani yake hawaonekani pichani.

Tufanye hesabu. Wiki moja ina saa 168. Ikiwa kila mfanyakazi anahudumu saa 42 kwa wiki, gari moja linahitaji vikosi vinne ili lisikose watu usiku na mchana. Kila kikosi kikiwa na dereva aliyefunzwa huduma ya kwanza na mhudumu mmoja, hao ni watu wanane. Ukiongeza wa kushikilia nafasi za walio likizoni na wagonjwa, wanafika tisa au kumi.

Kaunti yenye magari kumi, basi, inahitaji karibu watu mia moja. Ikiwa na 30 pekee, magari mengi yatakuwa mapambo ya uani.

Matokeo yake yanajulikana na yeyote aliyewahi kulaza mgonjwa katika hospitali ndogo. Rufaa ikitolewa usiku, muuguzi wa wodi ndiye huabiri gari kumsindikiza mgonjwa. Wodi aliyoiacha hubaki na muuguzi mmoja, au huachwa bila yeyote, hadi atakaporejea.

Isitoshe, muuguzi hodari wa wodini huenda hakufunzwa kufanya kazi ndani ya gari linaloyumba, mahali pasipo na daktari wa kumwita wala nafasi ya kusimama wima.

Maswali ya kuuliza

Mwananchi hana sababu ya kungoja hadi mambo yote yanyooke. Yapo maswali manne ambayo jamaa ya mgonjwa, mwajiri, mwalimu mkuu au mwandalizi wa michezo anaweza kuyauliza anapoitisha au kukodisha ambulensi.

Kwanza, ni nani atakayekaa nyuma na mgonjwa, na amefunzwa hadi ngazi gani? Dereva peke yake hatoshi, kwa kuwa hawezi kushika usukani na kumtibu mtu kwa wakati mmoja.

Pili, amesajiliwa na nani, na ni nani anayemsimamia? Tatu, je, gari lina oksijeni ya kutosha safari nzima, mashine ya kufyonza uchafu kooni na ya kushtua moyo?

Nne, je, hospitali inayokwenda kumpokea mgonjwa imearifiwa na kukubali? Swali hili la mwisho pekee lingewapunguzia wengi safari ya kuzunguka jijini wakibisha mlango baada ya mlango.

Wawakilishi wa wadi nao wanapopitisha bajeti wana swali lao: kwa kila gari jipya lililoombwa, wameajiriwa watu wangapi wa kuliendesha na kumhudumia mgonjwa?

Jibu likiwa hakuna, kinachonunuliwa ni teksi ya bei ghali yenye kitanda. Na mgonjwa aliyelala juu ya kitanda hicho hataweza kuulizia leseni ya mtu yeyote. Ni sharti awe ameulizia mwingine, mapema, kwa niaba yake.