Brosi ya jioni: juu ya nini meno yetu yanaoza, na namna ya kuyalinda



Katika gazeti letu tunasoma habari za mpira, za mitihani na za bustani. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja anakibeba mdomoni, lakini anakikumbuka paka siku ile kinauma. Nataka kusema juu ya meno.

Labda mmoja atacheka: "Kapita amekosa la kuandika!" Asicheke haraka. Muhula uliopita mmoja wetu wa interna alikaa siku nne bila kuingia darasani, shavu limevimba sawa embe, hawezi kula, hawezi kulala, na wenzake wa chumba hawakulala vilevile. Kama siku nne zile zingeangukia kwenye Mtihani wa Serikali, nani angemngojea? Miaka sita ya masomo ingekwama juu ya jino moja. Na kumbe ugonjwa huu tunaweza kuukinga na vitu vidogo ambavyo viko mkononi mwetu.

1. JINO NI KITU GANI?

Mtoto mdogo anapata meno 20 ya utoto. Yanatoka moja moja, na nafasi yao inachukuliwa na meno ya ukubwa. Mtu mzima, kama meno yake yote yameota, yuko na 32. Baada ya hayo, hakuna mengine. Likingoka jino la ukubwa, basi, limekwenda.

Jino liko na sehemu tatu. Juu kuna ganda jeupe ambalo walimu wanaliita emaye. Ni kitu kigumu kupita vyote katika mwili wa mtu, hata kupita mfupa. Chini ya ganda kuna dantini, ambayo si ngumu sawa ganda. Ndani kabisa kuna moyo wa jino, mahali pa mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Ganda halina fahamu, njo maana kuoza kunapoanza haumii hata kidogo. Ukisikia maumivu makali, ujue ugonjwa umekwisha kutembea safari ndefu.

2. NAMNA GANI LINAOZA?

Wazee wengi wanasema ni mdudu anatoboa jino. Neno hili lina ukweli kidogo, lakini si mdudu wa kuonekana kwa macho. Ni vijidudu vidogo sana (bakteria) vinavyokaa katika ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi mbele ya kusugua meno. Tukila sukari, vijidudu vile vinakula pamoja nasi, na kisha vinatoa asidi. Asidi hiyo njo inayeyusha ganda la jino.

Wenzetu wa sehemu ya biokimia wanajua pH. Maji safi ni 7. Utando wa jino ukishuka chini ya 5,5 karibu hivi, ganda linaanza kupoteza madini yake. Mate yetu yanafanya kazi ya kurudisha hali njema, lakini yanahitaji muda, karibu nusu saa au zaidi kila mara tunapokula kitu kitamu. Basi kila siku kuna vita mdomoni: asidi inabomoa, mate yanajenga. Kama kubomoa kunashinda kujenga, tundu linatokea.

3. SUKARI: SI WINGI TU, NI MARA NGAPI

Hapa njo wengi wetu tunadanganyika. Tunafikiri kwamba bomboni moja haiwezi kuharibu kitu. Sikieni habari hii.

Katika nchi ya Uswidi, mjini Lund, kulikuwa hospitali jina lake Vipeholm. Kuanzia 1945 waganga walifanya jaribio kwa watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakitunzwa pale. Wengine walipewa sukari wakati wa chakula tu. Wengine walipewa tofi za kunata katikati ya vyakula, na kundi moja liliwekewa hata tofi 24 kwa siku. Matokeo yaliandikwa 1954. Wale waliopata sukari pamoja na chakula, meno yao yaliharibika kidogo tu. Wale wa tofi za kila saa, meno yao yalioza vibaya sana. Jaribio hili lilikuwa la aibu, kwa sababu wagonjwa wale hawakuulizwa kama wanakubali. Lakini tukijua fundisho lake na tusilitumie, mateso yao yatakuwa ya bure mara mbili.

Fundisho ni hili: mtu anayekula bomboni tano mara moja kisha chakula, anaharibu meno kidogo kuliko yule anayenyonya bomboni moja moja tangu etudi ya saa kumi na mbili paka kulala. Huyu wa pili haachi mate yafanye kazi yao. Ni vilevile kwa chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima, na biskuti inayobaki katikati ya meno, na muwa unaotafunwa njia yote toka sokoni paka hapa.

Sisemi tusile vitu vitamu. Nasema tuvile pamoja na chakula, halafu tufunge mlango. Katikati ya vyakula, karanga na maji vinatosha.

4. ASUBUHI AU JIONI?

Ukipita kwenye bomba asubuhi utaona watu wengi na brosi zao. Ni vizuri. Lakini ukipita jioni, unaona nani? Watu watatu, wanne. Wengi tunasugua meno ili tusinuke mbele ya kusalimu wenzetu. Baada ya hapo tunaona kazi imekwisha.

Lakini usiku, tukilala, mate yanapungua sana. Mabaki ya chakula yakikaa mdomoni saa nane za usingizi, vijidudu vinafanya kazi bila mtu wa kuvizuia. Kwa hiyo brosi ya jioni, kisha chakula cha mwisho, njo ya lazima kupita zote. Waganga wa meno wanashauri mara mbili kwa siku: moja mbele ya kulala, nyingine wakati mwingine wa siku, kama vile asubuhi. Na kisha brosi ya jioni, mtu asile tena kitu, hata ile bomboni ya chini ya blanketi.

Kwa wale wanaokula chungwa, ndimu au marakuja: vitu hivi viko na asidi yao wenyewe. Ungoje karibu nusu saa mbele ya kusugua, juu ganda limelainika kidogo na brosi inaweza kulikwaruza.

5. NAMNA YA KUSUGUA

Nguvu haisaidii. Mtu anayesugua meno sawa mtu anasugua sufuria anaumiza ufizi wake. Fanyeni hivi:

a) Tia dawa ya meno kidogo, sawa punje moja ya mahindi. Tazama karatasi yake kama imeandikwa fluor (fluorure), kipimo cha 1000 paka 1500 ppm. Fluor inasaidia ganda kurudisha madini na kushindana na asidi. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) liliingiza dawa ya meno yenye fluor katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2021. Basi si kitu cha matajiri cha kujipendezesha. Ni dawa.

b) Laza brosi kidogo, nywele zake zielekee mahali jino linapokutana na ufizi. Piga mizunguko midogo, pole pole.

c) Gawa mdomo sehemu nne: juu kuume, juu kushoto, chini kuume, chini kushoto. Katika kila sehemu hesabu paka 30 bila haraka: upande wa nje, upande wa ndani, na juu mahali pa kutafunia. Ukimaliza, umefikia 120, maana yake dakika mbili. Kisha pitisha brosi juu ya ulimi.

d) Tema povu, lakini usisukutue na maji mengi. Hapa wengi watashangaa. Ukisukutua sana, unafukuza fluor ambayo bado inafanya kazi.

e) Osha brosi, uisimamishe ikauke kwa hewa. Usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Kisha miezi mitatu au mine, ao nywele zikipinda, tafuta ingine.

Kama ufizi unatoka damu, wengi wanaacha kusugua. Ni kinyume. Damu ile, mara nyingi, inaonyesha kwamba uchafu umekaa pale siku nyingi na ufizi umewaka. Endelea pole pole kila siku. Kama kisha wiki mbili damu haikomi, nenda kwa muganga.

6. "YAYA, MIMI SINA BROSI"

Neno hili nalisikia kila muhula. Linafuatwa na lingine: "Basi uniazime yako." Hapana, ndugu zangu. Tunagawana sahani, tunagawana blanketi wakati wa baridi, lakini brosi hatugawane. Ufizi unatoka damu hata bila mtu kuona, na magonjwa sawa hepatite B yanaweza kupita kwa damu ile.

Asiye na brosi atumie kijiti, sawa walivyofanya babu zetu. Neno mswaki lenyewe, mbele ya kuwa jina la brosi ya dukani, lilikuwa jina la kijiti. Chukua kijiti kibichi cha mti ambao wazee wanaujua kwamba hauna sumu, kitafune ncha paka kiwe na nyuzi laini, halafu usugue jino moja moja. Ukiwa na dawa ya meno, tia kidogo juu ya nyuzi zile. Kijiti kinaondoa uchafu vizuri kama mwenyewe ana bidii.

Makaa, majivu na mchanga ni jambo lingine. Vinaonyesha meno meupe siku ile, lakini vinakwaruza ganda, na ndani yao fluor hakuna.

Na wale wanaosema dawa ya meno ni bei kali, tufanye hesabu. Tyubu moja ya gramu 100. Ukijaza brosi nzima, gramu 1,5 kila mara, mara mbili kwa siku, ni gramu 3: tyubu inakwisha kwa siku 33. Ukitia punje ya mahindi, robo ya gramu, ni nusu gramu kwa siku: tyubu inaenda siku 200. Ni zaidi ya nusu ya mwaka.

7. JINO LIKIANZA KUUMA

Usitie aspirini juu ya ufizi. Inauchoma na kuacha kidonda. Kama utaimeza kwa ushauri wa infirmie, ni jambo lingine. Usitie asidi ya batri, wala mafuta ya gari, wala tumbaku. Karafuu inatuliza kidogo, na maji ya vuguvugu yenye chumvi yanasafisha, lakini tundu halifungwi na karafuu. Nenda kwa muganga mapema. Tundu dogo linaweza kuzibwa na jino likabaki. Ukingoja, dawa inayobaki ni kung'oa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na mkumbuke hatari hii: mtu akivimba taya ao shingo, akipata homa, akishindwa kufungua mdomo, kumeza ao kupumua vizuri, asingoje kesho. Apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba pumzi. Kapita wa chumba asiogope kuamsha wakubwa.

8. MAOMBI YETU

Kwa heshima yote, naleta maneno matatu mbele ya Bwana Prefe na walimu.

La kwanza: katika orodha ya vitu vya kuleta interna tunasoma godoro, ndoo, sahani na kijiko. Brosi na dawa ya meno haviko. Viongezwe, wazazi waone.

La pili: kutoka mwisho wa etudi ya jioni paka kuzimwa taa, tupewe dakika kumi. Sasa kengele mbili zinafuatana, na mtu anachagua kati ya meno na kitanda. Najua shida ya maji. Lakini kama hatusukutui sana, kopo moja dogo la mililita 200 linamtosha mtu. Wanafunzi 60 wa nyumba moja wanahitaji lita 12. Bido moja ya lita 20 inatosha na inabaki. Sisi wa mwaka wa sita tuko tayari kuichota kwa zamu, na kuonyesha wadogo mahali pa kutemea, pasiwe chini ya madirisha.

La tatu: kantini iuze karanga na ndizi pamoja na bomboni, na bomboni zisiuzwe wakati wa etudi.

Kwenu wanafunzi wenzangu, ombi ni moja tu. Msingoje jibu la wakubwa ili kuanza. Leo jioni, kisha chakula, kila mmoja ashike brosi ao kijiti chake, ahesabu paka 120.

Ni mimi,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita