MAJIRA, MAJI NA SIMBA: MAMBO YAWAPASAYO WANACHAMA KUYAJUA

Mazao yafikayo soko la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huhesabiwa gharama zake kwa magunia, ushuru na nauli ya lori. Gharama moja haiandikwi katika daftari lolote, nayo ni usiku ambao mkulima amekesha akilinda shamba dhidi ya nguruwe mwitu. Katika Rufiji, kusini mwa jiji, na katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ulinzi huo umewapotezea wengi maisha. Utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300.

Kiangazi

Simba ni mnyama wa kuvizia. Hana pumzi ya kukimbiza windo kwa mwendo mrefu, hivyo hana budi kulisogelea kwa siri. Wataalamu waliochunguza simba wa Serengeti waliona kuwa hawawindi hasa penye wanyama wengi, bali mahali ambapo mnyama hukamatika kwa urahisi: kandokando ya mito, kwenye makutano ya vijito na penye vichaka vya kujificha. Wakati wa kiangazi mabwawa hukauka, na wanyama hulazimika kuyafuata maji machache yaliyosalia. Hapo simba hana haja ya kutafuta, hungoja tu.

Masika

Mvua zinyeshapo, maji hupatikana kila mahali. Wanyama hutawanyika, na majani marefu huwaficha. Katika wilaya za wakulima, ambako swala na pundamilia wamekuwa haba, windo lililobaki aghalabu ni nguruwe mwitu. Huyo hufuata mpunga na mahindi yanayokomaa, na simba humfuata nguruwe. Ndiyo maana mashambulio mengi katika wilaya hizo hutokea wakati wa mavuno, Machi hadi Mei. Wakati huohuo mkulima naye hulala shambani, ndani ya dungu la miti na nyasi, mara nyingi lisilo na mlango.

Mwezi nao una sehemu yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hatari huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Usiku wa mbalamwezi simba huonekana na hukosa windo. Kisha mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza, hupata giza la mapema hali ana njaa, na watu wangali nje.

Wako wanaodai kuwa simba mla watu ni mgonjwa tu. Simba wa Rufiji aliyepewa jina la Osama, aliyeuawa Aprili 2004 baada ya kuua watu zaidi ya 30, alikutwa kweli na jipu kwenye jino. Lakini jino bovu halieleze kwa nini mashambulio hurudi kila mavuno. Majira na nguruwe hueleza zaidi.

Wajibu wa vyama

Kwa hiyo vyama vya msingi vizingatie haya:

1. Mlinzi asilale shambani peke yake. Dungu liinuliwe, lijengwe kwa miti imara na liwe na mlango unaofungwa.

2. Wenye mashamba yanayopakana washirikiane kuchimba mitaro na kuwapunguza nguruwe. Shamba lisilo na nguruwe halimvuti simba.

3. Katika majuma mawili baada ya mwezi mpevu, watu warejee nyumbani kabla ya magharibi.

4. Katibu aandike tarehe, saa na mahali pa kila tukio, na kumwarifu mara moja afisa wanyamapori wa wilaya. Kumbukumbu hizo huwasaidia pia wafiwa na majeruhi wanapoomba kifuta machozi cha Serikali.

Wanachama wa mjini wasidhani kuwa habari hii ni ya watu wa shamba peke yao. Gunia lifikalo Kariakoo salama limelindwa na mtu, na ushirika una wajibu wa kumlinda mtu huyo.