Suruali ya Mtoto Hupimwa Akiwa Amekaa

Desemba ikikaribia kwisha, mafundi cherehani wa Tanzania na Kenya hulemewa na sare za shule. Mzazi anaagiza kaptula "ya kukulia", fundi anaongeza inchi kiunoni na miguuni, na shule zikifunguliwa Januari mtoto anaingia darasani huku mkono mmoja umeishikilia nguo isidondoke. Akichuchumaa kucheza gololi, inambana vilevile. Suruali inaweza kuwa pana na bado ikabana, kwa sababu panapohitaji nafasi ni pale miguu inapokutana, na hapo mpangilio wake hutoka kwenye pateni.

Pateni, yaani karatasi zilizokatwa kwa umbo la kila kipande cha nguo, zimeuzwa kwa watu wa kawaida tangu zamani. Mwaka 1863 fundi Ebenezer Butterick wa Sterling, Massachusetts, Marekani, alianza kuuza pateni za karatasi zilizopangwa kwa saizi. Za mwanzo zilikuwa za nguo za wanaume na wavulana. Za magauni zilifuata baadaye.

Leo nyingi huuzwa kama faili la kompyuta, na nyingine hutolewa bure. Mnunuzi anazichapa kwenye karatasi za A4 na kuziunganisha kwa selotepu. Kabla ya kukata, apime kwa rula kile kimraba cha majaribio kinachowekwa kwenye ukurasa: kikiandikwa sentimita 5 na rula ikasoma 4.8, mashine imepunguza vipimo, na suruali nzima itatoka ndogo. Pia asichague kwa umri. Saizi za Ulaya hufuata kimo: 122 ni ya mtoto wa takribani sentimita 122, inayofuata ni 128. Watoto wawili wa miaka minane wanaweza kupishana saizi mbili bila yeyote kuwa na kasoro.

Asiye na printa hajakosa kitu. Pateni nzuri kuliko zote huenda iko kabatini: suruali kuukuu iliyokuwa ikimkaa mtoto vizuri. Ifumuliwe, vipande vipigwe pasi, vilazwe juu ya karatasi ya kaki au gazeti na kuchorwa pembeni. Kama haifumuliki, mguu mmoja uingizwe ndani ya mwingine, kisha mshono wa katikati ufuatwe kwa pini zinazotoboa karatasi iliyo chini. Vitundu hivyo ndivyo mchoro, na nafasi ya mshono huongezwa nje yake. Magoti yaliyovimba kwa kuvaliwa yasinakiliwe.

Anayechora mwenyewe anahitaji vipimo vya kiuno, makalio, urefu wa mguu, na kimoja ambacho wengi hukiruka: mtoto akae wima kwenye kiti kigumu, futi ishushwe ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti. Hicho ndicho kina cha suruali. Makalio yakiwa inchi 28, kila kipande kinachukua robo yake, inchi 7, pamoja na nusu inchi ya kupumulia. Halafu inakuja ile ncha inayojitokeza katikati ya miguu: mbele inchi moja na nusu hivi, nyuma karibu mara mbili ya hapo. Kiuno cha nyuma nacho hupandishwa kama inchi moja. Fundi anayekata mbele na nyuma sawasawa ili aokoe kitambaa amemnyima mtoto uhuru wa kuinama.

Wavulana wadogo wana shida nyingine: kiuno na makalio yao hayapishani sana, hivyo nguo haina pa kushikia. Lastiki ikiwekwa nyuma tu, mbele pakabaki bapa na zipu yake, sare inaonekana nadhifu na mkanda hauhitajiki.

Jaribio lifanyike kwa shuka kuukuu. Mtoto achuchumae na apande ngazi. Kiuno cha nyuma kikishuka, mshono wa nyuma ni mfupi, uongezwe kwa juu. Mikunjo ikitawanyika kutoka katikati ya miguu, ile ncha irefushwe.

Ya kukulia inawezekana, ila iwekwe mahali pake: inchi mbili kwenye pindo la chini, na inchi nzima ya mshono nyuma ya kiuno, kama kwenye suruali za watu wazima. Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza, kwa kuwa kitarudi.