Akili Mnemba na Saini ya Mzabuni

Seremala wa Ngagara, mtaa ule wa kaskazini mwa Bujumbura uliojengwa na OCAF, ofisi ya makazi ya Wabelgiji, katika miaka ya 1950, akitamani kuiuzia serikali madawati ya shule, hutambua upesi ya kuwa randa na msumari havitoshi. Kwani daftari la zabuni, lililoandikwa kwa Kifaransa cha kisheria, linamtaka alete shahada ya kodi kutoka OBR, mamlaka ya mapato, shahada ya INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii, dhamana, ithibati ya kazi zilizotangulia na jedwali la bei, na ikikosekana hati moja huenda akakataliwa kabla ubora wa mbao zake haujatazamwa.

Hapo akili mnemba yaweza kumfaa. Akiipa daftari hilo na kuiamuru imtolee jedwali la safu tatu, yaani sharti, hati inayotakiwa, na ukurasa sharti lilipoandikwa, atapata kwa dakika chache kazi ya mikesha miwili. Kisha na aufungue kila ukurasa uliotajwa, asome kwa macho yake.

Sharti asome, kwa sababu chombo hiki hakina habari ya karakana yake: hutunga sentensi kwa kukisia neno lifuatalo, na palipo na pengo hulijaza kwa maneno yanayofanana na kweli. Ukikiambia kieleze uzoefu wako bila kukipa mikataba yako, chaweza kuandika kwa ufasaha mwingi kwamba umekwisha kutengeneza madawati 500, ilhali umetengeneza 40. Na atakayeulizwa siku ya hesabu ni wewe uliyetia saini.

Bei nayo ni siri ya bahasha mpaka zabuni zifunguliwe hadharani. Basi isiingizwe katika programu ambayo hujui huhifadhi nini, wala wapi.

Na ofisa mnunuzi ana wajibu wake. Akiiachia mashine iandike vipimo, yaweza kunakili sifa za chapa moja tu, na mlango ukafungwa kwa wengine wote. Jambo hilo lapingana na uhuru wa kushiriki na usawa wa wazabuni, misingi ya sheria ya ununuzi wa umma ya Burundi ya 2008, iliyorekebishwa tarehe 29 Januari 2018.

Basi, ndugu mzabuni, iache mashine ipange maneno, lakini kila tarakimu iwe na hati yake mkononi mwako kabla hujatia saini. Kwani saini ni ushahidi, na ushahidi hauna wakala.