Mlonge: mboga ya kudumu nyuma ya nyumba yako

Mchicha unaopanda leo utachuma wiki chache tu, kisha utatoa mbegu na kufa. Mlonge, ambao wengine huuita mzunze, ukipandwa mara moja unachumwa kwa miaka mingi. Majani yake yana vitamini A inayolinda macho, madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu, pamoja na protini.

Utautambuaje?
Majani yake ni madogo, ya duara lililorefuka kidogo, yamepangika pande mbili za vijiti vyembamba. Maua ni meupe yaliyochanganyika na rangi ya maziwa, yana harufu nzuri. Alama ya uhakika ni tunda: ni refu kama fimbo, lina pande tatu, na ndani yake mna mbegu za kahawia zenye mabawa matatu mepesi. Kuna miti mingine yenye majani yanayofanana na haya. Kama huna uhakika, usichume; muulize kwanza anayeufahamu.

Jinsi ya kupanda
1. Loweka mbegu usiku mmoja.
2. Chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyooza, fukia mbegu kina cha sentimita 2. Zitaota baada ya wiki moja au mbili.
3. Chagua mahali penye jua pasipotuama maji, mbali na choo.
4. Mwagilia maji uliyooshea mboga, hasa miezi ya mwanzo. Zungushia miiba, maana mbuzi wanaupenda sana.
5. Ukifika mita moja, kata ncha. Utachipua matawi mengi, na watoto hawatalazimika kupanda juu kuchuma.

Jinsi ya kutumia
Osha majani, yapike kwa muda mfupi, tia mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A vizuri. Ukitaka kuyahifadhi, yakaushe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini. Yatwange, weka unga wake kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuwekewa kidogo kwenye uji ulioiva.

Tahadhari
Usile mizizi, ina sumu. Mama mjamzito asitumie kabisa mizizi wala magome, kwani yanaweza kudhuru mimba.

Huenda umesikia mtu akisema mlonge unatibu UKIMWI, kifua kikuu au malaria. Si kweli. Mlonge ni chakula. Ukiacha vidonge vyako kwa ajili ya majani, ugonjwa utazidi. Mtoto asiyeona vizuri jioni, aliyevimba miguu au mwenye viganja vyeupe, mpeleke kituo cha afya leo hii. Usisubiri mti ukue.

Jirani yako akiwa na mlonge, mwombe mbegu. Wako ukizaa, nawe mgawie mwingine.